Shetani wa Kigango Chetu

Mama alinipigia simu asubuhi nikiwa nawasha jiko. Hakunisalimu sana. "Kanisa la zamani linabomolewa," akasema. "Kama unataka kumwona baba yako, njoo kabla hawajaufikia ule ukuta."

Nilikaa kwenye kigoda, kiberiti mkononi. Baba yangu alifariki nikiwa shule ya msingi. Hatuna picha yake, hata moja. Aliyowahi kupigwa ilikuwa ya kwenye kadi ya chama, na kadi alizikwa nayo mfukoni huko Kilimatinde, mbali na sisi. Uso wake uliobaki duniani ni mmoja tu, na uko kwenye ukuta wa kanisa la kigango chetu, tawi la parokia huko kijijini, upande wa Sepuka. Una pembe mbili, na chini yake kuna mkia. Ndiyo, ni shetani. Msinikimbie, nitaeleza.

Ninyi wa rika langu mnamjua shetani tuliyekua naye. Alikuwa mweusi tii, macho mekundu, pembe kama za beberu, na mkononi ameshika uma wa kugeuzia majani. Katekista wetu, Mzee Fabiani, alimweleza kwenye mafundisho kama mtu anayemweleza jirani yake. Alijua hata mkia wake unaishia na ncha ya namna gani. Lakini ukivuka barabara kwenda kwa Mzee Ramadhani, mnunuzi wa kuku, ulikuta habari nyingine kabisa. Yeye alisema jini ni mzuri, amevaa kanzu nyeupe, ananukia, na humtambui mpaka uangalie miguuni uone kwato. Kwa hiyo sisi watoto tulikuwa tukikutana na mgeni njiani tunasema shikamoo huku tunatazama viatu vyake. Na bibi yangu, mama yake baba, aliwacheka wote wawili. Kwake yeye kitu kibaya hakina sura. Kiangazi, kisulisuli kilipozuka shambani na kunyanyua vumbi na mabua, alitufunika nyuso kwa kitenge chake na kusema, "Inameni, kipite. Ukitaka kukiona ndipo kinapokuona."

Siku hizi mwanangu Yohana ana wa kwake, wa kwenye simu. Mwanamke mweupe kama karatasi, nywele zimemfunika uso, anatambaa darini kichwa chini. Nilipomwambia juu ya pembe na mkia, mtoto akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, huyo si mbuzi tu?" Haya. Kila watu na wa kwao.

Wa kwetu alichorwa na baba.

Baba alikuwa fundi rangi. Maduka yote kuanzia kwetu mpaka mnadani yalikuwa na mkono wake: jina la mwenye duka kwa herufi nene, na pembeni kuku au ng'ombe au sabuni. Rangi ya dukani ilikuwa haipatikani hovyo, basi alitengeneza yake. Masizi aliyakwangua kwenye sufuria za mama, udongo mwekundu aliuchimba korongoni, chokaa aliichekecha kwa kipande cha kanga, na vyote alivichanganya na mafuta ya alizeti. Nyumba yetu ilinuka alizeti iliyoanza kuchacha. Mpaka leo nikifungua dumu la mafuta lililosahauliwa juani, moyo wangu unaruka kwanza ndipo akili inanikumbusha kwamba hayupo.

Mzee Fabiani alikuja nyumbani na kofia mkononi. Alitaka ukuta mmoja wa kanisa uwe na hukumu ya mwisho, malaika upande wa kulia, shetani upande wa kushoto, ili wale wasiojua kusoma nao waelewe. Baba alifurahi, jamani. Hakuwahi kupewa ukuta mzima.

Malaika walimsumbua kwa namna ya kuchekesha. Akina mama walimletea watoto wao wameoshwa, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. "Fundi, mtazame huyu, hili shavu si la malaika?" Ikabidi malaika waongezeke, wakajazana pale juu kama vifaranga. Mimi mwenyewe nimo, wa tatu kutoka dirishani, ingawa mabawa yangu yalikosa nafasi, likatokea moja tu.

Kwa shetani mambo yakageuka. Kwetu, kumweka mtu mahali pabaya, hata kwa mdomo, hata kwa mchoro, ni kumtakia mabaya hayo. Baba alianza kwa mkaa, akachora uso wa kubuni tu kutoka kichwani. Kesho yake akaja mama mmoja, mjane, akasimama mbele ya ukuta akaangua kilio. "Huyo ni marehemu mume wangu. Fundi, alikukosea nini?" Baba akafuta, akaomba radhi. Akachora mwingine, pua ndefu. Akaja mwenye mashine ya kusaga, unga bado uko kwenye nyusi, amefura kweli kweli. "Pua hiyo ni ya nani hapa kijijini? Sema wewe mwenyewe, pua hiyo ni ya nani?" Baba akafuta tena. Ilikuwa hivyo kila alipojaribu. Kijiji kizima kilimtaka shetani awe na uso, na kijiji kizima kilikataa kuutoa.

Siku moja nilirudi shuleni nikamkuta uani, amekaa kwenye gogo, ameshika kioo chake cha kunyolea. Anakunja uso, anakunjua. Anatoa meno. Anatumbua macho. Nikaogopa.

"Baba, unafanya nini?"

"Namtafuta huyu wanayemtaka," akasema, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Nadhani nimempata."

Mimi nilielewa kwamba shetani yumo ndani ya kioo kile. Sikukisogelea tena. Mama aliponituma nikilete nilikibeba kimefudikizwa, mikono imenyooshwa mbele, mbio.

Picha ilipokwisha watu waliitwa baada ya ibada ya Jumapili. Shetani alikuwa na pembe, mkia, uma, kila kitu alichoagiza Mzee Fabiani. Lakini nyusi ya kushoto ilikuwa imekatika katikati, pale baba alipopigwa fimbo na mwenzake utotoni wakichunga. Na meno ya mbele yalikuwa na mwanya. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Ebo! Fundi umejichora mwenyewe!" Kanisa zima likalipuka kwa kicheko. Mzee Fabiani alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa kanzu.

Baba naye alicheka, ule mwanya wake ukaonekana mara mbili, kwake na ukutani. "Kila sura niliyoweka ilikuwa na mwenyewe," akasema. "Nimeweka yangu. Mwenye sura hatanidai."

Ningependa kuishia hapo. Nikikumbuka siku ile nasikia raha mpaka sasa.

Tatizo lilikuwa alizeti. Rangi ya mabango baba aliipaka nyembamba, ikakaushwa na jua na upepo. Shetani alimpaka nene, tena ndani, kwenye kivuli, kwa sababu alitaka weusi wake uwe na kina. Mafuta yale hayakukauka. Kwanza walikuja nzi, wakanasa shavuni kwake na kwenye pembe, na watu wakaanza kunong'ona kwamba nzi wanamjua bwana wao. Mbona hawatui kwa malaika? Baba akasema malaika amewapaka chokaa na maji tu, bila mafuta. Nani alimsikiliza?

Halafu ukaja ule msimu wa joto kabla ya mvua, ardhi imepasuka, bati la kanisa linalia mchana kutwa. Jumapili moja mtoto akanyoosha kidole katikati ya sala: shetani anatoka jasho. Kweli. Matone yalikuwa yanatoka kwenye paji la uso, yanashuka kwenye nyusi iliyokatika, yanapita chini ya jicho. Ukimtazama kutoka tulipokaa, ungesema baba analia.

Mvua ile haikuja kwa wakati. Mtama ulichipua ukafa. Wale waliocheka wakaacha kucheka. Wakasema fundi hakumchora shetani, amemwita, amempa uso wake aje nao. Mzee Fabiani alinyunyiza maji ya baraka, na maji yakakataa kushika kwenye mafuta, yakaviringika chini shanga shanga, watu wakapiga ishara ya msalaba na kurudi nyuma. Baba akasimama mbele yao, kofia mkononi. "Ni mafuta ya alizeti, ndugu zangu. Hayajakauka. Mnayapikia majumbani kwenu." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. Sikuwahi kumsikia baba akiomba kitu kwa watu, na nilitamani anyamaze.

Alijitolea kuifuta picha siku ile ile. Wakamkataza. Mzee Fabiani, aliyekuwa mtu mwema, naapa, alisema kwa hofu kabisa kwamba akifutwa ukutani atakwenda wapi? Ataingia majumbani mwa watu. Bora akae hapo hapo anapoonekana. Ndiyo maana shetani yule hakufutwa, wala hakupakwa chokaa, miaka nenda miaka rudi. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

Lakini kazi za baba zilikoma. Wenye maduka hawakutaka majina yao yaandikwe na mkono ule. Waliosema hivyo walikuwa wachache. Wengine walikuwa kila siku na udhuru, mara ukuta haujakauka, mara mke amesafiri. Shuleni niliitwa mtoto wa pembe. Mama alikwangua sufuria zake mwenyewe sasa, kwa hasira, mpaka zikang'aa.

Basi baba akaondoka kwenda upande wa Manyoni, Kilimatinde, ambako alisikia kuna kuta za kupaka na watu wasiomjua. Aliondoka asubuhi, brashi zake zimo kwenye kopo. Alinishika shavu kwa vile vidole vyake vya mafuta. "Nikirudi nitakuongezea lile bawa," akasema.

Hakurudi. Alipata ugonjwa wa kifua, na habari ililetwa na mtu wa kwetu aliyepita huko, wakati ameshazikwa na watu wema tusiowajua. Tulilia bila maiti. Waliokuja msibani walikaa karibu na njia, wakanywa uji, wakaondoka mapema. Bibi siku zote zile alikaa amejifunika uso kwa kile kitenge chake kama kisulisuli bado kinapita.

Baada ya hapo mama akabadilika, na hapa ndipo mimi nilipopotea kabisa. Miaka yote mama alikaa kanisani mbele, upande wa wanawake, karibu na kwaya. Sasa akahamia nyuma, kule pembeni ambako hakuna aliyekaa, chini ya shetani. Na hakutazama altare. Ibada nzima alikuwa amegeuza shingo anamtazama yeye. Wenzake wakagusana viwiko. Mimi niliona kwa macho yangu, na nikaelewa kwa akili yangu ya kitoto: shetani amemaliza na baba, sasa anamchukua mama.

Nilikuwa nafunga macho kwa nguvu mpaka yanauma, nasali, Mungu mrudishe mama mbele. Sikumwambia mtu. Usingizi ulikuwa haunipati vizuri. Nyumbani nilimtazama miguuni akitembea, nikihofia siku nitakayoona kwato.

"Mama, tukae mbele," nilimwambia Jumapili moja, nikimvuta kanga.

"Mbele sioni vizuri," akajibu.

Kila mwaka, kabla ya Pasaka, wanawake wa kigango walisafisha kanisa. Kuta ziligawanywa, kila jumuiya na upande wake, wanakandika palipobomoka, wanapaka chokaa. Ukuta wa hukumu ulikuwa hauna mwenyewe, ulirukwa tu. Mwaka ule mama akachukua ndoo na kitambaa akasema, "Huu ni wangu." Mmoja akamtania, "Mama Paskalina, umempenda shetani?" Wengine wakacheka kidogo, kile kicheko cha kuogopa.

Mimi nilikuwa nimembebea maji. Nilisimama mbali kidogo, tayari kukimbia. Mama alikamua kitambaa, akakunja, akaanza kumfuta. Hakumsugua kama mtu anayesafisha ukuta. Alimfuta kama alivyotufuta sisi tukiwa na homa, taratibu, nyuma ya sikio, chini ya kidevu. Alibandua nzi mmoja mmoja kwa kucha. Rangi ilikuwa imeanza kubanduka mashavuni, udongo unaonekana. Akapitisha kidole gumba chini ya jicho, pale jasho liliposhukia, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kinyaturu, lugha waliyoongea wao wawili wakiwa peke yao, "Umekonda."

Ndoo ilinitoka mkononi. Nilimwona baba. Wiki zote zile nilikuwa nimekaa chini ya baba yangu nikisali tuondoke kwake. Mama aligeuka akaniona nalia, maji yamenilowesha miguu. Alisogea kidogo akanipa upande mmoja wa kitambaa.

Tangu siku hiyo tulikaa kule nyuma pamoja, mimi na yeye, na waliotaka kusema walisema. Mpaka nilipoolewa mjini, Jumapili yangu ilikuwa ile: padre anahubiri mbele, na mimi namtazama baba nione kama amepungua. Alipungua kweli. Kila kiangazi kilichukua kipande.

Basi ndiyo maana niliacha jiko halijawaka, nikamwamsha Yohana, tukatoka Mwankoko, ninakoishi huku mjini, tukaenda. Mama tulimkuta ameshavaa, kanga mpya, ameketi mlangoni na fimbo yake. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga na kivuli tu. Nimemsihi sana akafanyiwe upasuaji, hataki. "Ninachotaka kuona nakijua kilipo," ndivyo anavyonijibu.

Kanisa jipya limesimama pembeni, matofali ya saruji, vioo vya rangi. La zamani lilikuwa limeshavuliwa bati. Jua lilikuwa linaingia mle ndani moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona shetani mchana kweupe. Malaika walikuwa wamekwisha zamani, chokaa yao imeoshwa na maji yaliyovuja, na mimi na bawa langu moja hatupo. Yeye alikuwepo. Mafuta ya alizeti yalimshikilia.

Mafundi walikuwa vijana. Wakaacha nyundo. "Shikamoo bibi," wakasema. "Marahaba, wanangu." Kiongozi wao akaniambia pembeni, kwa adabu, kwamba alifikiria kukikata kile kipande kizima ili tukichukue, lakini ni udongo mtupu, kikiguswa kitakuwa vumbi. Alitazama chini aliposema. Nikamshukuru.

Yohana alitoa simu akapiga picha. Kisha akaishusha. Mtoto huyu anayecheka pembe na mikia alisimama pale muda mrefu. "Mama," akasema, "mbona hatishi? Anaonekana kama mtu aliyechoka."

Nilimshika mama mkono nikampeleka mpaka ukutani, nikaweka kiganja chake pale.

Alianza juu. Alipokuta pembe alizipita haraka. "Hizi si zake," akasema. Akashuka, akaipata nyusi, akasimama pale ilipokatika, akaenda na kurudi, kwenda na kurudi. Akapata pua. Akapata mwanya wa meno kwa ncha ya kidole, na uso wake mama ukafunguka, nikamwona msichana ambaye sikuwahi kumjua. Nililia bila kujificha, mbele ya vijana wa watu. Nilikuwa na uchungu na kijiji kile, na Mzee Fabiani aliye kaburini, na mvua iliyochelewa, na hata baba kwa kuwa mkarimu wa sura yake kiasi kile.

Mama alinusa vidole vyake.

"Nitazamie," akasema. "Kwenye shavu, chini ya jicho. Bado anatoka jasho?"

Nilisogea karibu mpaka pua yangu ikakaribia kugusa ukuta. Shavu lilikuwa limekakamaa, lina nyufa ndogo ndogo kama tope la kando ya ziwa wakati wa kiangazi. Katika ufa mmoja kulikuwa na bawa la nzi ambalo kucha za mama hazikulipata mwaka ule. Nilipitisha kidole gumba pale pale alipopitisha yeye. Hakikushika kitu.

"Hapana, mama. Amekauka."

Akautoa mkono ukutani, akaufuta kwenye kanga yake mpya, akatafuta fimbo.

"Basi," akasema. "Waambie waendelee."

Nikaenda nikawaambia.